Taa za Gari la Babu: Tafuta Kwanza Mwanga Uliopotea Njiani

JE, mpenzi msomaji, umewahi kuabiri gari kuukuu usiku katika barabara za Kericho au Bomet? Je, ulimwona dereva akiwa ameinamia usukani, macho ameyakodoa, akiutafuta ukingo wa lami kama mtu atafutaye sindano gizani? Taa zinawaka, hilo halina ubishi. Lakini mwanga wenyewe umefifia, ni wa rangi ya chai ya maziwa, haufiki mbali, na mvua ikianza kunyesha huonekana kana kwamba umemezwa na barabara.

Wengi wetu tunaoishi Nairobi, Nakuru na miji mingine hukutana na jambo hili Desemba, tunaporudi mashambani. Gari la babu, liwe Peugeot 504 au Land Rover, limetolewa bandani na kuoshwa likametameta. Sasa linatarajiwa kuwapeleka watu harusini Litein au kumpokea mgeni stejini Kaplong. Jioni ikiingia, mabishano huanza. Mmoja husema gari liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mwingine, kijana wa chuo, husema ziletwe balbu za LED kutoka mjini, zile nyeupe zinazomulika kama radi. Mzee mwenyewe hunyamaza, kwani anajua kwamba nyuma ya maneno hayo kuna jingine lisilosemwa waziwazi: wanawe wanaogopa kumwona akiendesha usiku.

Makala haya yanataka kukuonyesha kwamba mara nyingi taa za gari kuukuu hazijafa. Mwanga wake umepotelea njiani, kati ya betri na balbu, na kuurudisha hakuhitaji pesa nyingi. Kunahitaji subira, mita ya kupimia umeme, na mpangilio mzuri wa kazi.

BARABARA ISIYOLALA

Wewe uliyezoea taa za barabarani na mwangaza wa maduka, huenda ukaona haya ni mabishano ya bure. Hebu basi tuutazame usiku wa nchi ya majani chai jinsi ulivyo.

Kericho iko karibu sana na ikweta, kwenye miinuko ya takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Karibu na ikweta hakuna jioni ndefu. Jua likishazama, giza huingia kwa ghafla, na mwaka mzima huwa hivyo. Isitoshe, hii ni sehemu mojawapo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Mara nyingi mvua hunyesha alasiri, wakati mwingine ikiandamana na mawe, na lami hubaki imelowa usiku kucha. Lami iliyolowa huwa kama kioo: mwanga wa taa zako huteleza mbele badala ya kurudi machoni mwako, ilhali mwanga wa gari linalokuja hukupiga usoni mara mbili, mara moja kutoka kwenye taa zake na mara ya pili kutoka barabarani.

Kisha kuna watu. Majani chai yakishachumwa hayangoji. Lazima yafike kiwandani kabla hayajaharibika, na kwa hivyo malori huzunguka katika vituo vya kununulia majani hadi usiku, yakielekea viwanda kama vile Litein, Mogogosiek na Kapkoros. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, wachumaji huwa tayari wako njiani, na wanafunzi vilevile. Michai imepandwa hadi karibu na ukingo wa barabara, na majani yake ya kijani kibichi yaliyolowa hayarudishi mwanga. Mtu aliyevaa koti jeusi la mvua, akitokea kati ya michai hiyo, haonekani mpaka awe karibu sana.

Aidha, hizi ni barabara za miteremko na kona. Wakenya hawajasahau Oktoba 2018, basi lilipoanguka Fort Ternan kabla ya mapambazuko na kuua watu zaidi ya 50. Wala hawajasahau jioni ya Juni 30, 2023, lori lilipowavamia wasafiri na wachuuzi katika makutano ya Londiani, wakafa tena watu zaidi ya 50. Simaanishi kwamba taa ndizo zilizoleta misiba hiyo. Nasema tu kwamba katika barabara hizi hakuna nafasi kubwa ya makosa, na mwenye gari kuukuu hana budi kutumia kila msaada anaoweza kuupata.

NCHI YA MAGARI YA ZAMANI

Usishangae kwamba magari ya zamani bado ni mengi huku. Mameneja wa mashamba makubwa ya chai na wamishenari walitumia Land Rover kwa miaka mingi katika barabara za matope. Peugeot 504, ambayo ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, iliendelea kuunganishwa humu nchini hadi miaka ya 2000, wakati Wafaransa wenyewe walikuwa wameisahau. Wazee watakumbuka Peugeot za abiria zilizokuwa zikienda Nakuru, Kisumu na Nairobi, ambapo aliyekaa nyuma kabisa alisafiri magoti yakigusa kidevu.

Kericho pia ina sifa yake katika historia ya magari. Joginder Singh, dereva aliyeshinda mashindano ya Safari Rally mara tatu, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer. Wakati huo mashindano hayo yalifanywa siku za Pasaka, katika mvua za masika, na madereva waliendesha usiku na mchana. Yatazame magari katika picha za miaka ile, utaona taa za ziada zimepangwa mbele kama vifungo vya shati. Madereva wale walijua kwamba injini yenye nguvu haimsaidii mtu asiyeona aendako.

MWANGA HUPOTELEA WAPI?

Sasa tufungue boneti. Katika magari mengi ya miaka ya 1950, 1960 na 1970, umeme wa taa za mbele husafiri safari ndefu. Hutoka kwenye betri, ukaingia ndani hadi kwenye swichi ya dashibodi, ukaenda kwenye swichi ya kubadilishia mwanga wa juu na wa chini, kisha ukarudi tena mbele hadi kwenye balbu. Njia yote hiyo ni nyaya nyembamba, viungo vingi na swichi zilizochakaa. Kila kiungo chenye kutu hula umeme kidogo. Wahenga walisema bandubandu humaliza gogo.

Tokeo lake ni hili. Injini ikinguruma, betri nzuri huwa na volti 13 au zaidi. Lakini ukipima penye balbu unaweza kukuta volti 11, au hata 10 na nusu. Utasema volti mbili tatu ni kitu gani? La hasha! Mwanga wa balbu yenye uzi haupungui sawasawa na volti. Hupungua kwa kasi zaidi. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Zikipungua kwa asilimia 20, zaidi ya nusu ya mwanga imekwisha kupotea. Taa ni zile zile na balbu ni ile ile, lakini babu anaendesha kwa nusu ya mwanga alioununua.

Wewe mwanafunzi wa fizikia, hapa ndipo utakapoitumia mita uliyofundishwa shuleni. Iweke kwenye kipimo cha volti za umeme wa moja kwa moja. Washa injini na taa. Pima kwanza kwenye betri, uandike. Kisha pima nyuma ya balbu, taa zikiwa bado zinawaka, uandike. Tofauti ikizidi nusu volti, umempata mwizi. Usipime taa zikiwa zimezimwa, kwa maana umeme usiosafiri haupotei, na mita itakudanganya kwamba mambo ni sawa.

Usisahau njia ya kurudi. Umeme ukishaiwasha balbu lazima urudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Waya huo mafundi huuita athi. Katika nchi ya mvua kama Kericho, mahali waya huo ulipofungwa kwa skrubu huota kutu. Dalili yake ni taa moja kuwa hafifu kuliko nyingine, au taa ndogo kujiwakia unapowasha kubwa. Dawa yake ni kufungua skrubu, kusugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kufunga tena kwa nguvu, na kupaka grisi juu yake ili maji yasiingie. Kazi hiyo haigharimu hata bei ya mkate, na mara nyingine inatosha kumaliza ugonjwa wote.

RILEI, MTUMISHI MWAMINIFU

Ukisafisha viungo vyote na tofauti ikabaki kubwa, dawa ni rilei. Hii ni swichi inayoendeshwa kwa sumaku ya umeme. Umeme mdogo kutoka kwenye swichi ya dashibodi huamsha sumaku, nayo sumaku hufunga njia ya umeme mkubwa unaotoka moja kwa moja kwenye betri kwenda kwenye taa. Ni kama mzee anayemtuma kijana: yeye hutoa sauti tu, gunia hubebwa na mwingine.

Zinahitajika rilei mbili, moja ya mwanga wa chini na nyingine ya mwanga wa juu. Kwenye rilei za kawaida utaona nambari nne. Nambari 30 huungwa kwenye betri kupitia fyuzi. Nambari 87 huenda kwenye taa. Nambari 86 hupokea ule waya wa zamani uliokuwa ukienda kwenye taa. Nambari 85 huungwa kwenye bodi. Balbu mbili za wati 55 hutumia ampea 9 hivi, na za wati 60 ampea 10. Kwa hivyo fyuzi ya ampea 15 kwa kila rilei inatosha, pamoja na waya mnene wa milimita mraba 2.5. Fyuzi ikae karibu na betri, kwa kuwa waya usiokuwa na fyuzi ukichubuka na kugusa chuma, gari huweza kuteketea.

Kabla fundi hajagusa kitu, mwambie afungue waya wa betri. Halafu mwulize gari limeungwa vipi. Baadhi ya magari ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yaliungwa kinyume, upande chanya wa betri ukiwa ndio ulio kwenye bodi. Volkswagen nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 nazo zilitumia volti 6, si 12. Ukifunga rilei na balbu za volti 12 humo, utakuwa umefanya kazi bure.

Kwa wale wanaothamini gari kubaki lilivyotoka kiwandani, kama wanaolipeleka kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, rilei ina uzuri mmoja. Inaweza kufichwa nyuma ya bampa au chini ya tangi la maji, na swichi za zamani zikaendelea kutumika. Tena swichi hizo hudumu zaidi, kwa sababu hazibebi tena mzigo mzito.

BALBU GANI?

Baada ya umeme kufika, ndipo tuzungumzie balbu. Magari mengi ya zamani yana taa za kuzibwa, ambamo kioo, kiakisi na uzi wa balbu vimefungwa pamoja kuwa kitu kimoja. Uzi ukikatika, taa nzima hutupwa. Zile za duara zenye upana wa inchi 7 zilikuwa kwenye Land Rover, Mini, Morris Minor na Toyota Land Cruiser za zamani. Uzuri ni kwamba siku hizi unaweza kununua taa ya duara yenye upana huohuo, lakini inayotumia balbu ya H4 ya halojeni. Inaingia palepale bila kukata chuma.

Halojeni ni nini? Katika balbu ya kawaida, chembe za uzi huruka zikaenda kukaa kwenye kioo, ndiyo maana balbu kuukuu huwa na weusi ndani. Katika balbu ya halojeni, gesi iliyomo huzirudisha chembe hizo kwenye uzi. Kwa hivyo uzi waweza kuwaka kwa joto kali zaidi na kioo kikabaki safi. H4, yenye nyuzi mbili, moja ya mwanga wa juu na nyingine ya chini, ilitokea mwaka 1971. Ya kawaida ina wati 60 kwa mwanga wa juu na 55 kwa wa chini. Usiishike kioo chake kwa vidole vitupu, kwani mafuta ya ngozi huweza kukipasua kikipata joto. Tumia kitambaa safi.

Peugeot 504 taa zake si za duara, kwa hivyo yenyewe haibadilishiwi kirahisi hivyo. Hapo kagua kiakisi cha ndani. Kama fedha yake imebabuka au imekuwa kijivu, hakuna balbu itakayosaidia. Tafuta taa nyingine nzima, au mtu anayejua kuvifanyia viakisi kazi ya kurudisha fedha. Kagua pia mpira unaozuia maji, maana umande ukishaingia ndani ya taa, kutu hufuata.

Jihadhari na vishawishi viwili. Cha kwanza ni balbu za wati 100. Muuzaji atakuambia zinamulika hadi kijiji cha pili. Asichokuambia ni kwamba zinatumia karibu ampea 17 kwa pamoja. Bila rilei na nyaya nene, plagi huyeyuka, swichi huungua, na kiakisi huharibika kwa joto.

Cha pili ni balbu za LED zinazochomekwa mahali pa H4. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndani ya balbu ya H4 kuna kikombe kidogo cha bati chini ya uzi wa mwanga wa chini. Kikombe hicho huuzuia mwanga usipande juu, na kiakisi kilichorwa kwa kuufuata uzi huo mwembamba mahali hasa ulipo. LED haina uzi. Ina vipande bapa vinavyomulika, na visipokaa palepale uzi ulipokuwa, mwanga hutawanyika. Wewe ndani ya gari utafurahi kuona weupe mwingi karibu na bampa. Anayekuja mbele yako atakuwa haoni kitu, pamoja na yule mtembeaji aliye kati yenu. Ukitaka LED, nunua taa nzima iliyoundwa kwa LED tangu mwanzo, si balbu ya kuchomeka ndani ya kiakisi cha zamani.

TAZAMA MSHALE

Hapa kuna siri ndogo ambayo wanunuzi wengi wa spea hawaijui. Mwanga wa chini haumuliki sawa pande zote. Upande wa ukingo wa barabara hupanda kidogo ili uwaone watembeaji, na upande wa katikati hubaki chini ili usimpofushe anayekuja. Sisi Kenya huendesha kushoto, kama Waingereza na Wajapani. Taa iliyotengenezewa Ufaransa, Ujerumani au Marekani hupandisha mwanga kulia, yaani moja kwa moja machoni mwa dereva anayekuja!

Utaitambuaje? Kwenye kioo cha taa zilizotengenezwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa utaona herufi E ndani ya duara. Simama mbele ya taa ukiitazama. Kama kuna mshale unaoelekea mkono wako wa kulia, hiyo ni ya barabara za kushoto kama zetu. Kama hakuna mshale, ni ya nchi zinazoendesha kulia. Mshale wenye ncha mbili maana yake taa yaweza kurekebishwa kwa pande zote mbili. Ichunguze kabla ya kutoa pesa.

DAINAMO ITAWEZA?

Magari ya kabla ya altaneta yalichajiwa na dainamo. Nyingi kati ya hizo hutoa ampea 20 hivi tu, tena injini ikizunguka kwa kasi. Sasa piga hesabu. Taa za mbele ampea 10, wasafishaji wa kioo 3 au 4, taa za nyuma na za dashibodi 2, na umeme wa injini 3. Umefika 18 au 19, na hujawasha redio. Ukisimama kwenye foleni injini ikinguruma polepole, dainamo haitoi karibu chochote, na betri ndiyo inayolipa. Kwa hiyo usiongeze taa za ziada kabla ya kufikiria altaneta. Rilei pekee haiongezi mzigo mkubwa. Inahakikisha tu kwamba ulichonacho kinafika.

KULENGA TAA UKUTANI

Kazi hii haihitaji mashine, na familia nzima inaweza kusaidia. Tafuta mahali tambarare mbele ya ukuta, jioni. Pima hewa ya magurudumu. Dereva akae kitini, na gari liwe na mzigo wake wa kawaida. Peleka gari hadi karibu na ukuta, uchore kwa chaki msalaba mbele ya katikati ya kila taa. Kisha rudi nyuma mita 5 kamili.

Washa mwanga wa chini, ufunike taa moja kwa gunia wakati ukipima nyingine. Utaona ukutani mstari ambapo mwanga unaishia na giza kuanza. Mstari huo uwe sentimita 5 chini ya msalaba, au zaidi kidogo, na sehemu inayopanda iwe upande wa kushoto. Geuza skrubu za taa kwa bisibisi hadi ukae hapo.

Kwa nini sentimita chache zina maana? Taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini, ikiteremka sentimita 1 kwa kila mita, hufika ardhini mita 70 mbele. Ikiteremka sentimita 3 kwa kila mita, huishia mita 23 tu. Na ikiinuka hata kidogo, humpofusha kila anayekuja. Kumbuka pia kwamba Peugeot ikipakiwa magunia na jamaa nyuma, mkia hushuka na taa hutazama mbinguni. Ukijua utabeba mzigo usiku, lenga taa ukiwa na mzigo huo.

UKUNGU NA ADABU

Alfajiri ukungu hutanda juu ya michai kama blanketi. Dereva mgeni huwasha mwanga wa juu akidhani ataona zaidi. Kinyume chake, matone ya ukungu huurudisha mwanga huo usoni mwake kama ukuta mweupe. Katika ukungu tumia mwanga wa chini, punguza mwendo, ufuate ukingo wa kushoto. Taa za ukungu husaidia zikiwa zimefungwa chini, karibu na bampa, ili zimulike chini ya ukungu. Ufaransa ililazimisha taa za manjano kuanzia miaka ya 1930 hadi 1993, na faida ya rangi hiyo ilibishaniwa miaka yote hiyo. Mahali taa ilipofungwa pana maana kuliko rangi yake.

Na kabla ya safari, futa vioo vya taa. Tope la barabara ya vumbi na mvua huweza kula mwanga kuliko kutu ya miaka kumi. Kitambaa chenye maji ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika makala haya.

HESABU YA MWENDO NA MACHO

Hata taa nzuri ina mpaka wake. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari huenda mita 22 kila sekunde. Dereva hutumia sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, yaani mita 33. Kusimama kwenyewe katika lami iliyolowa huchukua mita 50 hivi. Jumla ni zaidi ya mita 80. Lakini mtu aliyevaa nguo nyeusi, kwa mwanga wa chini, huenda asionekane hadi umkaribie mita 50 au pungufu. Kwa kilomita 50 kwa saa, jumla huwa mita 40. Tofauti kati ya mwendo huu na ule ni mtu mzima anayerudi nyumbani kwake.

Sasa turejee kwa lile neno lisilosemwa waziwazi. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takriban thuluthi moja ya mwanga unaopitishwa na jicho la kijana wa miaka 20, na mtoto wa jicho akianza, taa za mbele yake humchoma zaidi. Kwa hivyo taa zikishatengenezwa, na mzee akaendelea kulalamika kwamba haoni, tatizo haliko tena kwenye gari. Hospitali ya Tenwek kule Bomet ina kitengo cha macho, na hospitali nyingine zinacho. Mpeleke apimwe. Umwambie kwa heshima: "Baba, gari tumelitibu, sasa zamu ya mwenye gari." Mzee aliyeona wanawe wakitoka jasho juu ya gari lake badala ya kulidharau atalisikia neno hilo kwa urahisi zaidi.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, ufuate utaratibu huu: futa kioo, sugua athi, pima volti, funga rilei, kisha balbu ya halojeni ya wati za kawaida, na mwisho ulenge taa ukutani. Aliyeanza na balbu ya bei kubwa ameanza mwisho. Wala usisahau kwamba taa za gari zina kazi mbili, kukuonyesha njia na kutomnyima mwenzako ya kwake. Mchumaji anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri hajui gari lako ni la mwaka gani, wala hajali. Haja yake ni dereva amwone mapema, apunguze mwendo, naye afike kwenye michai yake salama.